Brashi ya Jumamosi

Bustani ile ya mimea ilikuwa na sanamu kumi na moja, zimetawanywa nje kati ya miti na vitalu vya maua, na zote zilisafishwa na mtu mmoja. Wenzake walimwita Bwana Brashi. Sanamu kumi aliziosha mara moja kwa mwezi, tena juujuu tu. Ya kumi na moja aliiosha kila Jumamosi asubuhi, kabla geti halijafunguliwa.

Hiyo ilikuwa ya mkewe. Marehemu alikuwa mtunza miche hapohapo bustanini, na mchongaji aliyeitwa kuipamba bustani alimwona akipita na trei ya miche, akamwomba akae amchonge. Alikaa wiki tatu. Ikatoka sanamu ya jiwe laini, lile linalokwaruzika hata kwa ukucha, ikawekwa kando ya bwawa. Mwaka uliofuata mke mwenyewe akafariki, akaacha mtoto wa kike wa miezi minane.

Mtoto akachukuliwa na mama yake mdogo, mji wa mbali. Ni kwa muda tu, baba alisema, na muda huo ukafika miaka ishirini na mbili. Picha mbili za marehemu zililowa paa lilipovuja, zikagandana, na nyingine hazikuwepo. Kwa hiyo kila binti alipopiga simu akauliza mama yake alikuwaje, baba alikuwa na jibu moja: "Njoo umwone mwenyewe. Yupo hapa."

Na sasa alikuwa anakuja. Bwana Brashi akapiga pasi ovaroli, jambo ambalo halikuwa limepata kuonekana. Chumbani kwake palikuwa na kikombe kimoja, sahani moja na kijiko kimoja, na hakuwahi kuona kasoro. Akanunua kikombe cha pili. Siku tatu nzima kilikaa mezani hakina mtu, naye akawa anakwepa kukitazama.

"Leo bibi anaoga mara mbili, au siyo?" mkata tiketi alimtania Jumamosi hiyo, alipomwona na ndoo.

"Mwanangu anakuja kumwona. Lazima ang'ae."

Mchongaji aliacha amesema: maji na kiganja, basi. Lakini mchongaji hakujua ukungu wa bwawani. Ule ukijani ukishashika haubembelezwi na kiganja, na Bwana Brashi hakuweza kuvumilia kumwona mkewe na uchafu usoni. Akachukua, kama kila Jumamosi miaka yote hiyo, brashi ngumu ya kusugulia vyungu vya miche. Nguo aliipitishia mara moja, trei mara moja. Usoni ndiko alikokaa, akisugua polepole, akimsimulia habari za wiki. Hakuwa na mwingine wa kumsimulia.

Saa nne binti akafika. Mrefu, begi begani, viatu vya safari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Twende kwanza, chai baadaye."

Alitangulia mbio kama mtu anayeogopa duka litafungwa. Walipofika bwawani akasogea pembeni, akakunja mikono, akasubiri kwa raha zake zote.

Binti aliisogelea sanamu. Akazunguka upande wa pili, akarudi.

"Ni huyu?"

"Ndiye."

"Baba," alisema taratibu, "mbona hana uso?"

Bwana Brashi akacheka. "Hana uso vipi? Pua si hii hapa?" Akanyoosha kidole kuonyesha, na kidole kikateleza. Akajaribu jicho, hapo pia kikateleza. Kwenye trei kila jani lilikuwa mahali pake, na mikunjo ya nguo ungeweza kuihesabu. Juu ya shingo palikuwa laini kama yai.

Kila Jumamosi alikuwa amemwona mkewe pale, mzima, na pua yake. Sasa alitazama kwa macho ya mgeni, na mikono yake mwenyewe ikamtia hofu.

"Ni mimi," alisema. "Mimi na brashi. Nilitaka awe safi."

Safari yote binti alikuwa akijiuliza kama amefanana na mama yake. Lakini alimwona mzee wake na ovaroli lenye mistari ya pasi, na hasira aliyokuwa nayo haikupata pa kutua. Akaketi kwenye ukingo wa bwawa, akafumba macho.

"Basi nieleze wewe. Nitamwona hivyo hivyo. Anza na macho."

"Macho yake..." alianza Bwana Brashi.

Akatafuta. Alipotaka kumkumbuka, miaka yote hiyo, alikuja hapa, na kwingine hakuwahi kumtafuta. Kilichomjia ni jiwe, jeupe, limelowa. Akarudi nyuma zaidi, kwenye kitalu, kwenye kitanda chao, na kote alimkuta amegeuka upande.

"Alikuwa akilalamika shingo," alisema mwishowe. "Wiki tatu zile za kuchongwa. Kila jioni, shingo, shingo."

Binti akatabasamu, macho bado ameyafumba.

"Enhe," alisema. "Endelea."