Sproketi ya Pikipiki ya Leonsi

Haya, acheni kupukuchua mahindi kidogo mnitegulie hiki: ninaye mfugo wangu, hula udongo kutwa nzima na tumbo lake halijai. Ni nani huyo?

Jembe! Mmepata, leo siwadai mji. Basi Silvana, mke wa Leonsi, alikuwa na jembe lake moja, nalo lilimla yeye mwenyewe kuliko lilivyokula udongo.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, watu walipoambiwa watoke kwenye makazi yao ya zamani wakae pamoja katika kijiji kipya, njia ya Kasense. Leonsi alihama na mali aliyoipenda kuliko kitanda chake: pikipiki aliyoachiwa na Mzungu wa kuangamiza nzige kule Mtowisa, alikokuwa fundi wake. Ilikuwa imekufa miaka mingi. Aliifungua kipande kipande, vyuma akavitia kwenye gunia, na rafiki yake Alfonsi akalibeba gunia lile kichwani mpaka kijijini.

Mvua za kwanza zikawakuta hawana majembe. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi, sukari na viberiti. Majembe, waliambiwa, yako njiani. Na nyasi zinangoja kufukiwa ndani ya matuta, yale tunayoyaita ntumba, nayo hayalimwi kwa kucha! Silvana akafanya kama alivyofanya mama yake na bibi yake. Kwetu Ufipa chuma kikichakaa hakitupwi, kinarudi kwa mhunzi kizaliwe upya. Akafungua gunia, akatoa sahani ya chuma ya duara, imejaa kutu, ina meno pembeni, akampelekea mzee Clemens. Mzee hakuuliza imetoka wapi. Jembe likatoka kali, na watoto wakala ulezi mwaka ule.

Hakujua kwamba sahani ile ndiyo sproketi, ile inayovutwa na mnyororo ili gurudumu la nyuma lizunguke.

Zahanati ilipojengwa, dawa zikawa zinafuatwa Sumbawanga kwa miguu. Leonsi akasimama mkutanoni: "Pikipiki nitaifufua. Dawa nitazileta mimi." Safari za vipuri zikaanza. Bwana Saad, mwenye duka mjini, alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Leonsi, hii pikipiki ni rika la marehemu babangu! Vipuri vyake alizikwa navyo."

Lakini alipekua stoo yake, akapata plagi. Mnyororo ulipatikana Kirando, kwa mvuvi aliyekuwa akiufungia mtumbwi wake. Matairi yalitoka ng'ambo ya mpaka, yamezungushiwa blanketi. Kila alichopata aliingia nacho nyumbani akimwimbia Silvana. "Mama Kristiana, bado kidogo!"

Siku aliyofungua gunia kutafuta sproketi hakuimba.

"Nani kashika gunia langu? Ile ya meno haimo."

Silvana alikuwa akisonga ugali. Mwiko ukasimama. Ndipo alipojua alichokipeleka motoni. Mumewe amezunguka miezi minane, amekonda, amechekwa, atamwambiaje?

"Labda ilianguka njiani," akasema.

Neno hilo, wajukuu zangu, heri angeliuma ulimi. Maana njiani gunia lilikuwa kichwani kwa Alfonsi. Na Alfonsi ndiye aliyekuwa mtunza duka la kijiji. Haikupita wiki, watu wakaanza: "Kumbe ndiyo maana sukari haitimii!" Leonsi akaenda kumuuliza Bwana Saad kama kuna mtu aliyemuuzia. Saad akamwambia vyuma chakavu huletwa kila siku, hakumbuki sura. Leonsi akarudi akisema, "Mmeona? Aliuza."

Silvana alikwenda kwa mhunzi kwa njia ya uani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Jembe limekuwa butu?"

"Baba, waweza kunifulia sahani nyingine kama ile niliyokuletea? Na meno yake?"

Mzee Clemens akaacha kuvukuta. "Jembe nalijua, shoka nalijua. Meno yale yanapimwa, mwanangu. Moja likipinda, mnyororo unaruka na mtu anavunjika shingo." Akamtazama. "Kwangu chuma kikishaingia motoni hakina jina. Aliyekileta ndiye mwenye kukisemea."

Akirudi, akapita mtoni kujaza mtungi aliobeba, akakutana na Alfonsi. Zamani angemtania kuhusu kaptula yake yenye viraka. Siku hiyo Alfonsi alitua ndoo.

"Shemeji, wengine waseme watakavyo. Wewe unaamini niliiba?"

Silvana akajitwika mtungi, akapanda kilima.

Jumapili baraza likakaa. Mwenyekiti Fransisko akakohoa. "Ndugu Alfonsi, hatukufungi. Lakini duka la watu halishikwi na mtu anayetiliwa shaka. Ufunguo, mezani."

"Na sukari yetu je?" mwanamke mmoja akapaza sauti.

"Hata pikipiki hana," akadakia mwingine, "meno yale alitaka kutafunia nini?" Watu wakacheka. Leonsi hakucheka. Alikuwa ameinama, anachora chini kwa kijiti.

Alfonsi akaufungua ule ufunguo kutoka kwenye kamba ya shingoni, akauweka mezani polepole. Hakumtazama mwenyekiti, wala Leonsi. Akageukia upande wa wanawake.

"Shemeji Silvana, nilikuuliza mtoni, ukaniacha na ndoo yangu. Nakuuliza tena mbele za watu. Niliiba?"

Leonsi akainua kichwa. Silvana akasimama.

"Hukuiba, shemeji. Gunia nililifungua mimi. Sproketi nikaipeleka kwa mhunzi, ikawa jembe, na hilo ndilo lililotulisha nyumbani kwetu."