Tofali Jepesi

Kaka mtu alinyanyua tofali, akalipima kiganjani kama mtu anayechagua papai sokoni, akakunja uso.

"Dada, mepesi haya."

Basi, hukumu imetoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Si yeye, ni dada mtu aliyebeba magunia ya pumba kutoka mashine ya mpunga, akazichoma mpaka majivu yakawa meupe, akaharibu matanuri mawili mazima kabla ya kukijua kipimo: debe moja la majivu kwa madebe tisa ya udongo. Tanuri la tatu lilitoka safi. Sasa shule ilitaka matofali ya madarasa mawili, na mwalimu mkuu alishasema, fundi mwashi akiyakubali, naye ameyakubali. Na fundi mwashi ndiye huyu, waliyenyonya naye ziwa moja.

"Yagonganishe," dada mtu akasema.

Yakalia kama kengele.

"Panda ngazi, uyadondoshe."

Tofali la kawaida, zito, likapasuka vipande viwili. La majivu likamong'onyoka pembe tu.

"Umenichagulia."

"Haya, chagua mwenyewe."

Akachomoa moja kutoka katikati kabisa ya tanuri, akapanda nalo, akaliachia. Nalo likakataa kuvunjika. Akashuka akijipangusa mikono.

"Miaka ishirini nipo kwenye kazi hii. Tofali ni uzito. Nikamwambie mwalimu kwamba watoto nimewajengea takataka?"

Dada mtu alihamaki. Kaka ameona kwa macho yake, amesikia kwa masikio yake, na bado anauamini mkono wake tu. Mtu kama huyo utambishia mpaka lini?

"Nenda zako, kaka."

Hakwenda. Akazungukazunguka pale, akakohoa, kisha akajipakatia matofali manne.

"Nigawie haya. Jiko la mama limepasuka tena, na haya naona yatastahimili moto."

"Takataka hizo?"

"Ah, kule ni nyumbani, dada."

"Mama anakaa mbele ya jiko lile asubuhi na jioni. Kama yanamfaa mama, yanalifaa darasa. Kamwambie mwalimu hivyo, au yarudishe ulipoyatoa."

Kaka mtu hakuyarudisha. Alisimama muda mrefu na matofali manne kifuani, akiitazama njia ya shuleni, na mikono haikumchoka.