Watu Ishirini na Watatu wa Nabintu

Niliambiwa kwamba Goma imepata gare, yaani stesheni. Nilikuwa mji wa Kiwanja kwa binti ya dada yangu, tumbo limeshiba na miguu inaniwasha, maana wiki tatu za kukaa fasi moja kwangu ni nyingi. Mwenye pikipiki mmoja akanisomea kwenye simu yake: gare mpya, ya kisasa, milango inayojifunga yenyewe. Mimi gare ninazijua. Kindu nilingoja treni siku nne, Kalemie nilishuka na kuku wawili, na kule Lubumbashi mkata tikiti ndiye aliyenifundisha kusoma saa, maana shule yangu niliiokota njiani hivyo hivyo, kipande hapa na kipande kule. Lakini Goma? Reli itapita wapi juu ya mawe yale ya volkano? Nikafunga kifurushi changu.

Nilifikia Murara, mtaa wa Goma, kwa ndugu zetu wa Maniema. Nikasali adhuhuri, nikauliza gare iko upande gani. Wakacheka mpaka nikacheka nao. Gare ilikuwa chini, ziwani. Ilikuwa ile gati ya mashua ya Bukavu. Mwenye gati alikuwa ameifanya upya, akaimwagia simenti, akaipaka bluu, akaandika juu ya mlango kwa herufi kubwa: GARE. Reli haikuwepo hata moja ya kuanikia nguo.

Basi, kwa kuwa nimekuja, kesho yake nikaenda kuangalia.

Cha kuangalia kilikuwepo. Mlangoni walikuwa wameweka mashine mbili zimesimama bega kwa bega, moja ya kuingilia, moja ya kutokea. Kila moja ina mikono mitatu ya chuma. Unaonyesha tikiti yako, taa inakuwa kijani, unasukuma mkono kwa tumbo, mkono unazunguka, unalia *ka*, na mkono mwingine unafunga nyuma yako. Juu ya zote mbili kuna kioo kimoja chenye namba. Mtu akiingia, namba inapanda moja. Akitoka, inashuka moja. Sikuwahi kuona kitu kama hicho. Nilikiangalia mbele, nikakiangalia ubavuni, nikainama nikakiangalia chini.

"Muzee, unaitafutia nini ile mashine?" aliniuliza Alima, mama anayeuza chai ya tangawizi mbele ya mlango. "Tangu saa moja unaikodolea macho kama unataka kuiposa."

"Nataka kujua inahesabu namna gani."

"Kunywa chai kwanza. Haikimbii."

Ni Alima aliyenieleza sababu yake. Zamani watu walikuwa wanapanda tu, mwenye tikiti na asiye na tikiti. Kisha kuna siku mashua moja ilizama, na watu walipoulizana walikuwa wangapi, hakuna aliyejua. Wengine waliwalilia watu waliokuwa hai Bukavu. Wengine hawakuwalilia watu waliokuwa chini ya maji. Kwa hiyo shefu wa gati, Laurent, aliweka sheria: namba ya kioo na namba ya tikiti zisipolingana, mashua haiondoki.

Siku hiyo, ya kwanza ya mashine kufanya kazi, tikiti zilikuwa mia mbili na nne. Kioo kilisema mia tatu tisini na moja.

Kapteni akapita katikati ya viti, akahesabu kwa kidole. Mia mbili na nne. "Hao wengine wamevaa nini," alisema, "hata mimi siwaoni?"

Watu wakacheka, lakini Laurent hakucheka. Ni mtu mwembamba, shati limepigwa pasi, ametoka kwenye mabiro, ofisi za mjini, miezi miwili tu iliyopita. Akaingia ofisini, akatoka na karatasi. Mashine inakumbuka kila karte, yaani kadi, iliyoifungua, na mama wabebaji, kumi na wanne, kila mmoja ana karte yake shingoni. Wao ndio wanaopakia magunia kwenye mashua, kamba imepita kwenye paji la uso, gunia mgongoni. Karatasi ilisema karte zao zote zimeingia bila kutoka, lakini namba saba ndiyo iliyozidi: imeingia mara ishirini na tatu. Kutoka, hata mara moja.

"Namba saba ni nani?"

Akatokea mama wa miaka arobaini hivi, amejifunga kikwembe cha manjano kiunoni, alama ya kamba imekaa kwenye paji la uso kama mkunjo wa nguo. Nabintu.

"Mama Nabintu," alisema Laurent, "wewe uko watu wangapi?"

"Niko mumoja, shefu. Wengine niliwaacha nyumbani, wanachota maji."

"Karte yako imeingiza watu ishirini na watatu. Wewe ni mumoja. Hao ishirini na wawili uliowapitisha ni nani, na wako wapi?"

Nabintu alianza kuikunja kamba yake ya kubebea.

"Nakupa mpaka kesho kutwa. Namba isipolingana, karte nainyanganya. Na kisha ya wenzako."

Bila karte hakuna kuingia, na bila kuingia hakuna kubeba. Nabintu alikuwa amebeba pale miaka kumi na moja. Mashua iliondoka imechelewa saa mbili, kapteni ametia sahihi kwa mkono wake kwamba watu ni wale aliowaona kwa macho.

Lile ulizo lilinikaa kooni kama mfupa wa samaki sambaza. Mtu anaingia, hatoki, na tena anaingia. Nimetembea sana, nimeona watu wanaotoka mlangoni bila kuingia kwa mlango, polisi wanawajua. Lakini huu mtindo ulikuwa mpya.

Kesho yake saa kumi na mbili nilikuwa nimekaa kwa Alima. Sikuangalia mashine tena, nilifuata kikwembe cha manjano. Nabintu akaingia na gunia la maharagi. *Ka.* Nikanywa chai. Baadaye kidogo nikamwona anatokea mkono wa kushoto, nyuma ya vyoo, mikono mitupu. Akabeba gunia la viazi, akaingia. *Ka.* Tena akatokea nyuma ya vyoo. Mara ya tisa nikashindwa kuvumilia.

"Alima, huyu mama anaumwa tumbo?"

Alima alicheka mpaka sukari ikamwagika.

Nikaenda kuona mwenyewe. Nyuma ya vyoo ukuta wa zamani una tundu la kupita mtu, na kutoka ziwani mpaka pale kuna kinjia juu ya mawe ya volkano. Mawe yale, unajua, yanakata kiatu. Lakini pale katikati yalikuwa laini, yanang'aa kama chini ya sahani, kwa kukanyagwa. Miaka kumi na moja haitoshi kulainisha jiwe vile. Wengi walikuwa wamepita kabla yake.

Nikamngoja palepale.

"Kumbe njo hapa wanatokea watu wako ishirini na watatu," nilimwambia.

Alisimama, akaniangalia kutoka kofia mpaka viatu. "Wewe ni mutu wa shefu?"

"Mimi sina shefu. Niko mutu wa kuuliza tu."

Akapumua. Akaniambia kwamba ukishapita mashine kuna njia nyembamba ya vyuma, kisha ubao wa kupandia mashuani, upana wa mtu mmoja na gunia lake. Mwenye gunia kamba imemshika kichwa, haoni pembeni, hawezi kurudi nyuma. Kwa hiyo asiye na mzigo hakutani naye uso kwa uso. Anashukia nyuma ya mashua, anapita kwenye mawe, anatoka huku. Ndivyo walivyofundishwa na mama waliowatangulia. "Mwaka wangu wa kwanza mumoja alisahau," alisema. "Walianguka wawili. Mumoja tulimtoa."

"Na juu ya nini haukumwambia Laurent?"

"Kwenye plani yake hapa ni ukuta. Nikisema kuna tundu, kesho wanaleta simenti. Halafu tutapita wapi sisi kumi na wanne?"

"Ukinyamaza, unatoka wewe."

Akafunga vizuri kamba yake, akaifungua, akaifunga tena.

"Basi sema wewe, muzee," alisema mwisho. "Lakini usianzie kwenye tundu. Anzia kwenye ubao."

Nikamtafuta Éphraïm, fundi aliyezifunga zile mashine. Alikuwa amechuchumaa, bisibisi mdomoni, amekasirika kwa sababu mji mzima unasema mashine yake ni mwongo.

"Sio mwongo," nilimwambia. "Inasema kweli ya kuingia. Ya kutoka haiioni. Njoo nikuonyeshe ubao."

Akanipitisha kwa karte yake ya kujaribia, tukasimama karibu na mashua.

"Wangeweza tu kurudi kwa mlango wa mbele," alisema.

"Jaribu wewe."

Akajaribu. Alifika katikati ya ubao, akakutana na Nabintu na gunia la kilo themanini.

"Nipishe, mama."

"Papa, mimi sina gia ya nyuma."

Éphraïm alirudi kinyumenyume mpaka ndani ya mashua, mikono imeshika hewa. Tukatoka. Alimwita Laurent, wakaenda nyuma ya vyoo. Shefu aliangalia tundu kwa muda mrefu, akaliangalia na lile jiwe linalong'aa.

"Hii iko wapi kwenye plani?"

"Haiko, shefu," alisema Éphraïm. "Lakini mashine ya kutokea ingefaa ikae hapa."

Laurent akafikiri. "Ihamishe leo. Kesho namba isipolingana, tundu linafungwa na karte namba saba inabaki mezani kwangu."

Siku ya tatu nilikuja na pikipiki, nikashuka polepole mbele ya wabebaji, nilitaka kuona kutoka ndani. Éphraïm akanipitisha tena, nikakaa juu ya gunia la kabichi kando ya ubao. Mbele *ka*, nyuma ya vyoo *ka*. Namba ikawa inapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Karibu saa sita mbebaji wa mwisho akatoka kwenye mawe. Wote kumi na wanne walisimama nje.

Tikiti mia moja themanini na sita. Kioo: mia moja themanini na saba.

Laurent akanyoosha mkono. Nabintu akavua karte shingoni, akaiweka kwenye kiganja chake bila kumwangalia.

"Ni mutu mumoja tu," alisema Éphraïm.

"Yule mumoja ndiye anayezama bila jina," alijibu Laurent, na sikuweza kusema amekosea.

Nikaanza kumtafuta mimi mwenyewe. Nilichungulia nyuma ya magunia, nikafunua turubai, nikahesabu wabebaji, nikahesabu mabaharia, nikamwomba kapteni afungue choo cha mashua. Nilikuwa nimeinama chini ya benchi niliposikia sauti ya Alima kutoka nje ya vyuma.

"Muzee Twahiru. Na wewe uliingia kwa tikiti gani?"

Éphraïm akatia mkono mfukoni, akaitoa karte yake ya kujaribia, akaiangalia kama ameipata barabarani.

Laurent alinijia mpaka kwenye vyuma. Kwa mara ya kwanza niliona meno yake. "Papa, unasafiri ao unatoka?"

Niliangalia mashua. Bukavu sijaiona miaka sita, na miguu ilikuwa imeshaanza. Ningekata tikiti, namba zingelingana vilevile. Lakini nilitaka kuona ile namba ikishuka kwa ajili yangu.

Éphraïm akanipenyezea ile karte kwenye vyuma, nikapita kwenye mawe, polepole, nikaweka tumbo kwenye chuma. *Ka.* Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kioo kiko mbele, na mimi niko nyuma ya vyoo. Nikazunguka mbio, mbio za mzee. Nilipofika, honi ya mashua ilikuwa imeshalia, watu wanapunga mikono, na Nabintu ana karte yake shingoni, anakunywa chai kwa Alima. Kioo kilisema mia moja themanini na sita, kimetulia, kama hakijawahi kusema kingine.

"Ilishuka?" nilimuuliza.

"Ilishuka."

"Ilishuka namna gani?"

Nabintu akapuliza chai yake. "Kama wewe unavyoshuka kwenye pikipiki, muzee. Ilifikiri kwanza."