Kumi na Tisa ya Alhamisi

Joan, mwalimu wa Kitale, alimnunulia mamake, Phelista, kipimo cha sukari kinachotuma matokeo moja kwa moja kwenye simu ya Joan. Sukari ya mamake ilikuwa imepanda kidogo tu, na Joan alitaka naye apate kulala bila wasiwasi. Usingizi wenyewe ndio ukamkimbia. Simu ilionyesha sita, kisha kumi na tatu, kisha tano. Alhamisi ikaingia kumi na tisa, kiwango cha hatari, akaomba ruhusa na kuteremka kwa mamake Kimilili roho mkononi.

Alimkuta mamake uani akipepeta maharagwe, buheri wa afya.

"Mama, sukari yako ni kumi na tisa na unapepeta?"

"Hiyo si yangu, bana. Mimi ni ile ya sita."

"Na hizo zingine?"

"Za akina mama wa kanisa. Wakikuja Alhamisi nawapima wote, kila mtu na sindano yake mpya, usiniangalie hivyo. Ama nikalie mashine peke yangu, ati mimi ni nani?"

Joan alicheka mpaka akakaa chini. Mamake alikuwa mzima, dunia ilikuwa nzuri. Kisha kicheko kikamkatikia.

"Basi kumi na tisa ni ya nani?"

Ungo ukatulia. "Ya Rispah, huyu jirani."

"Ulimwambia?"

"Utampaje mgeni habari mbaya kabla hajakula? Nilimpa chai kwanza. Kumaliza, nikakosa mdomo. Nikamwambia mashine imeharibika."

"Chai ya sukari?"

Phelista aliweka ungo chini, akatafuta viatu.

Rispah aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akashusha pumzi ndefu, na machozi yakamtoka bila aibu.

"Kumbe ni sukari tu. Mimi nilidhani nimerogwa. Nakunywa maji kama ng'ombe na kiu haiishi. Hospitali niliogopa, singejua nianzie wapi."

Mchana huohuo walimpeleka hospitali ya Lugulu. Daktari alisema wamefika mapema, hii inatibika vizuri, akamwanzishia dawa. Phelista alimshukuru Mungu kwa sauti mpaka muuguzi akacheka.

Wiki kadhaa baadaye, Joan akiwa Kitale, simu ilitetemeka: saba. Mamake akapiga papo hapo.

"Umeona saba?"

"Nimeona, Mama. Umejitahidi."

"Hiyo ni ya Rispah. Yangu bado, tumeanza na mgeni. Na leo chai yake haina sukari."