Anwani ya Brashi

Mchora mabango mmoja, ambaye wote walimwita Brashi, alikuwa ameiandika anwani yake ya kupokelea bitkoini, ile fedha ya kidijitali, kwenye ukuta wa karakana. Herufi nyekundu zenye kivuli, zikitanguliwa na tarakimu 1, ili wateja waipige picha na kumlipa. Hakuna kazi aliyoringia kama hiyo.

Siku moja simu yake ikatumbukia kwenye kopo la rangi ya mafuta, ikafa papo hapo. Brashi hakubabaika, maana maneno ya siri ya kurejesha pochi yake ya bitkoini alikuwa ameyahifadhi kwenye karatasi. Akanunua simu nyingine, akaweka programu ya pochi, akaingiza maneno. Pochi ikafunguka: sifuri! Na anwani iliyotokea ilianza na b na c, haikufanana na ile ya ukutani hata chembe.

"Mama watoto, tumeliwa!" akampigia kelele mkewe, aliyekuwa akishona chumba cha pili.

Akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, akaanza kuifuta anwani ukutani. Potelea mbali, hakutaka mteja mwingine awatajirishe wezi.

Alishafuta herufi kadhaa shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi simu, alipofika.

"Shemeji, ukuta umekukosea nini?"

Brashi akamweleza. Shemeji akaikagua simu, akacheka hadi akashika mbavu.

"Hujaibiwa, shemeji. Hayo maneno ndiyo mzazi wa funguo zako zote. Yanazaa funguo za anwani za zamani, zinazoanza na moja, na yanazaa za hizi mpya pia. Programu imewaita wadogo tu, wakubwa haikuwauliza."

Akaingia kwenye mipangilio, akachagua anwani za aina ya zamani. Pochi ikazungukazunguka, kisha fedha zote zikajitokeza, pamoja na malipo ya mteja mmoja, kinyozi, yaliyoingia asubuhi ile.

Mkewe, mshonaji, akachungulia, uzi ukining'inia shingoni. "Sasa tumeliwa au hatujaliwa?"

"Hatujaliwa! Kumbe tuna watoto wengine hatukuwajua!"

"Wewe una wengine," mkewe akajibu. "Mimi wangu nawajua."

Walipomaliza kucheka, shemeji akasema, "Ila hiyo mpya ina nafuu. Ukitumia fedha zilizoingia humo, ada ya kuzituma ni ndogo. Chora hiyo."

Brashi akaitazama, ndefu kama treni, macho yakamng'aa. Akaburuta ngazi. Mkewe akamsomea herufi mojamoja, shemeji akihakiki kwenye simu.

"Hiyo ni q, baba watoto, si g!"

"Mkia wake nimeupinda kwa madaha tu," akasema Brashi, akaufuta na kuuchora upya, akipiga mluzi.