Foleni ya Ngazi ya Ghala

Kisiwani kwetu simu hushika mtandao mahali pamoja tu, juu ya ngazi ya ghala. Kwa hiyo tuna adabu yetu: anayesubiri zamu humpa mgongo anayezungumza na kujifanya hasikii. Jana alipanda binti mshona nguo. Mchumba wake aliye ng'ambo alitaka jibu siku hiyo hiyo: ama aolewe ahamie huko, ama waachane.

"Nimefikiri sana," alisema. "Jibu langu ni..."

Mtandao ukakatika. Migongo yote ikageuka.

"Ni nini?" akauliza mama muuza samaki.

"Kumbe mnasikiliza!"

"Masikio hayana pazia, mwanangu. Ni nini?"

"Atajua mwenyewe kwanza."

Kwa kanuni yetu, aliyekatikiwa hurudi nyuma ya foleni, hata awe mgonjwa. Mtandao uliporejea, hakuna aliyeitaka zamu yake. "Panda, dada, panda!" Kisha tukampa migongo kwa heshima zote.

"Nitaolewa nawe," alisema, "lakini utahamia wewe huku."

Vigelegele vikapasua anga. Binti akasikiliza simu kidogo, akatutazama.

"Hao? Hao ni wakwe zako. Wazoee mapema."