Chimni ya Mama

Kazi yangu ni kukagua majiko ya watu. Hapa Voi, mwenye hoteli akiniona nashuka bodaboda na faili kwapani, anaanza kufunika sufuria kabla sijafika mlangoni. Sioni aibu, maana hao wanaokula hawajui ni mangapi nimewaepusha. Ila nina hasira za karibu, hilo nalijua. Mume wangu Calvince, mtu wa reli na mpole kupita kiasi, husema mimi humaliza kugombana kabla mwenzangu hajajua kosa lake ni lipi.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba nilipanda milimani, kijijini Werugha, kumwona mama yangu, Rachel. Nilimkuta ameketi nje kwenye ukungu, amejifunika blanketi, midomo imemkauka na macho mekundu.

"Ni kichwa tu, Alice," akasema kabla sijamsalimu vizuri. "Na kutapika kidogo asubuhi. Nikienda shambani kinaniacha."

Hapo nikaogopa. Mtu akiumwa kichwa na kutapika akiwa ndani ya nyumba, kisha akitoka nje anapata nafuu, mimi siwazi presha wala malaria. Nawaza moto. Kuna gesi inayotoka kwenye kuni na makaa ambayo huioni wala huinusi, na inamlaza mtu akidhani amechoka tu. Mama alikuwa analala chumba kilichopakana na jiko, na msimu ule wa baridi alikuwa ameziba madirisha yote kwa magunia, kama majirani zake wote.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba jiko lenyewe nilikuwa nimelijengesha mimi. Miaka miwili nyuma nilimleta Festus, fundi wa majiko anayekaa kijiji cha chini, akamjengea mama jiko la matofali lenye chimni inayopita darini na kutokea juu ya bati. Moshi wa jiko la mafiga ulikuwa umemmaliza kifua. Siku tulipoliwasha nilipiga picha, nikawaonyesha watu kazini mpaka wakanichoka.

"Umewasha moto leo?"

"Tangu jana usiku sijawasha. Hata hamu ya kula sina."

"Vizuri. Basi kaa hapo hapo."

Nikafungua milango, nikang'oa magunia madirishani. Nikaweka kiganja juu ya matofali kuhakikisha yamepoa, nikajifunga leso puani, nikafungua kile kimlango kidogo cha kutolea masizi chini ya chimni. Masizi yalimwagika hadi miguuni. Nikayazoa karibu nusu ndoo. Halafu nikaingiza kioo cha mkononi na kumulika kwa simu. Chimni isiyoziba ukiitazama kwa chini hivyo mchana, unaona kijiduara cha mwanga huko juu. Mimi niliona giza.

Nikajaribu mara ya pili. Nikawasha kipande cha karatasi, nikakizima, nikakishika mdomoni mwa jiko kikiwa bado kinafuka. Moshi ulipaswa kuvutwa ndani. Badala yake ulinirudia usoni. Na nilipoinua macho, nikaona ukutani, karibu na mbao za dari, doa jeusi refu ambalo miaka miwili iliyopita halikuwepo.

Kishawishi kilinijia cha kuchukua mti mrefu na kuanza kusukuma kutoka chini, au kupanda juu ya bati. Bati lenyewe lilikuwa limelowa ukungu, na kama chimni ina ufa, ukiichokoa unaweza kuibomoa ikakuangukia. Nimewafungia watu hoteli kwa ujuaji wa namna hiyo. Nikatoka nje nikinawa mikono.

"Nampigia Festus."

Mama akaruka kutoka kwenye kiti. "Usimwite fundi!"

"Kwa nini?"

"Jiko ni zima. Nitakuwa naacha dirisha wazi. Mwache mtu wa watu na kazi zake."

"Mama, unataka kufa?"

"Sitaki kelele, Alice."

Kelele zilikuwa zimeshaanza. Nilimwambia ni mkaidi, nikamwambia nimehangaika kwa ajili yake na yeye hajali, nikamwambia na mengine ambayo sitayaandika. Emily, jirani yake, alichungulia kwenye ua akarudi kwake haraka. Mama akawa anatazama mikono yake tu.

Festus alifika kabla ya saa sita. Alirudia nilichofanya mimi, akatikisa kichwa, kisha akapanda darini kwa ngazi ya ndani ya jikoni. Tukamsikia akitambaa juu yetu.

"Dada Alice," akaita. "Panda uone, lakini polepole."

Darini palikuwa peusi tititi. Pale chimni inapopita, matofali mawili yalikuwa yametolewa, na kipande cha bati kilikuwa kimesokomezwa humo kikiziba njia ya juu, ili moshi wote umwagike darini. Na kwenye boriti, kuanzia ukuta huu hadi ule, mahindi ya mbegu yalikuwa yamening'inizwa na maganda yake, yamefungwa mawili mawili, yamekuwa meusi yakang'aa. Moshi uliokosa pa kutokea ulishuka kupitia nyufa za mbao hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi kitandani kwa mama.

Nilishuka kwa hasira. "Nani alifanya hivi?"

"Mimi," akasema mama. "Kwa panga. Matofali yenyewe hayakuwa magumu."

Festus alitaka kucheka, akaniangalia, akaacha.

"Mahindi ya mama yangu," mama akaendelea, sasa akimwambia Festus, si mimi. "Tangu niolewe sijawahi kukosa mbegu. Ilikuwa inakaa juu ya moto, wadudu wa dumuzi hawaigusi. Jiko hili likaja, moshi ukaenda mbinguni. Mwaka wa kwanza dumuzi wakala nusu. Wa pili nikabaki na vikombe vitatu. Mimi, niende kwa Emily kuomba mbegu?"

"Nyanya, si ungeniambia," Festus akasema kwa upole. "Tungetafuta njia nyingine ya kuihifadhi. Kuna mapipa ya kufunika, dumuzi hawaingii. Lakini hapa, moto usiwashwe tena mpaka nibomoe sehemu hiyo niijenge upya. Na usiku wa leo usilale humu."

Mama akaitikia kwa kichwa kama mtoto mtiifu. Kwangu hajawahi kuitikia hivyo.

Nikaketi kwenye ngazi. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumgombeza, na nikaogopa ni lipi litakalotangulia. "Ungeniambia mimi, mama. Mimi ndiye niliyelileta hili jiko. Kuna kingine hujaniambia?"

Akamtazama Festus kwanza. Festus akainamisha kichwa na kuanza kufuta masizi kwenye vidole, kidole kimoja kimoja.

"Jumatano nilianguka," akasema mama. "Hapo mlangoni. Emily ndiye aliyenivuta nje."

"Sisi tulidhani ni presha, dada," Festus akasema. "Na alitukataza tusikuambie."

Kumbe kilima kizima kilijua. Mwenye duka aliyenisalimu asubuhi alijua. Nilikuwa nimepita katikati yao wote na mfuko wangu wa mikate, nikiwauliza habari za nyumbani, nao wakinijibu nzuri.

"Jumatano ulinipigia simu," nikasema. "Jioni. Tuliongea."

"Nilikupigia nikuambie."

"Mbona hukuniambia?"

Mama alivuta blanketi mabegani. Hakuwa na hasira yoyote, na hilo ndilo lililonivunja.

"Ukaniuliza kama nimesafisha jiko," akasema. "Nikasema ndiyo. Ukaniuliza kama nachemsha maji ya kunywa. Nikasema ndiyo. Halafu ukasema basi vizuri mama, ukakata."